Nimeambiwa nitoe elfu tatu ili mtoto wangu aandikwe

Pokea salamu zangu, mama.

Mimi ni mama wa watoto watatu, naishi Rhonda hapa Nakuru, na kazi yangu ni kufulia watu nguo. Asubuhi tunakaa na kina mama wengine kwenye kona upande wa Section 58 tukingoja kuitwa. Kuna siku unafua mablanketi mpaka vidole vinachubuka, na kuna siku unarudi na nauli tu, au hata hiyo huna, unatembea.

Mtoto wangu wa pili ana miaka sita. Wewe niite Mama Junior, ingawa hilo si jina lake. Junior hajawahi kukaa mwenyewe, hata shingo imeanza kukaza juzi juzi tu. Haongei, lakini anasikia kila kitu. Ukifungulia redio anacheka, ukiizima analia. Nilipomzaa uchungu ulinishika usiku nikajifungua kesho yake jioni, na hakulia. Walimpeleka kwenye nasari ya watoto wachanga akakaa huko siku kadhaa. Hakuna aliyenieleza kitu, niliambiwa tu atachelewa kidogo kuliko wenzake. Usiku mwingine hushikwa na degedege, macho yanageuka, mwili unakakamaa, halafu analala kama mtu aliyechoka sana. Kuna wakati nilipewa dawa. Zilipoisha nikaona ametulia, nikaacha.

Zamani nilikuwa nikimbeba mgongoni naenda naye kazini. Sasa amekuwa mzito, na wenye nyumba hawataki kumwona. Ndiyo maana, mama, na naomba usinitukane, huwa namwacha nyumbani. Asubuhi namlisha uji, namlaza kwenye godoro, naweka mito pembeni, natia kufuli mlangoni. Dada yake akitoka shule mchana ndiye humfungulia. Majirani wanajua. Mmoja wao alienda kumwambia landilodi, na landilodi amesema ploti yake si hospitali, nitafute pa kumpeleka.

Baba yao yuko Eldoret kwa mjengo. Akipata hutuma, lakini akija nyumbani hamshiki Junior. Kwao wanasema hayo mambo yametoka upande wetu. Wifi yangu ananiambia nimpeleke kwa mama yangu Lugari, ati huko kuna nafasi, na kuna mhubiri ambaye ameombea watoto kama hawa wakainuka.

Sasa kuna mtu ambaye hukaa karibu na ofisi ya chifu. Si karani, lakini anajuana na wote. Ameniambia pesa za serikali za walemavu zinaandikishwa, nikimpa elfu tatu jina la Junior litaingia na nitakuwa nikipata elfu mbili kila mwezi. Wiki ijayo ni zamu yangu ya kupokea chama. Nikimlipa huyo, deni la duka litabaki. Nisipomlipa, naogopa orodha itafungwa. Nimpe, au nimpeleke mtoto Lugari niache kuhangaika? Na tafadhali usiniambie niombe. Nimeomba sana.

Mama Junior, Rhonda

*

Mama Junior, mwanangu,

Usimpe huyo mtu hata shilingi. Ukipokea chama, lipa duka, kwa sababu duka ndilo linalowalisha siku ukikosa kazi.

Pesa anazokuambia zipo kweli, na ndiyo sababu uwongo wake unauzika. Ni mpango wa Inua Jamii. Unasaidia wazee waliofika miaka 70, nyumba zinazolea yatima, na watu wenye ulemavu mkubwa, yaani wale ambao lazima wawe na mtu wa kuwatunza mchana na usiku. Sehemu ya walemavu ilianza mwaka 2011, na ni shilingi 2,000 kwa mwezi, ambazo hupewa mlezi. Kwa jinsi ulivyomweleza, Junior ni wa kundi hilo kabisa. Lakini kuandikwa hakulipiwi. Serikali ikifungua nafasi, nyumba zinaorodheshwa na kukaguliwa, na mara nyingi wanaostahili ni wengi kuliko nafasi. Hata afisa mwaminifu hawezi kukuahidi kwamba utapata, sembuse mtu anayeota jua nje ya ofisi. Na anayekuuzia mlango leo atarudi kila malipo yakifika kudai sehemu yake, kwa kuwa anajua ulivyoingia.

Pita mbele yake, ingia ndani. Muone naibu wa chifu wewe mwenyewe, mweleze una mtoto mwenye ulemavu mkubwa na ungependa nyumba yako ijulikane kabla ya uandikishaji mwingine. Kisha nenda kwenye ofisi ya maendeleo ya jamii ya kaunti ndogo ya Nakuru Magharibi useme hivyo hivyo, kwa sababu hiyo ndiyo ofisi inayohusika na mpango wenyewe. Andika kwenye daftari la mtoto umemwona nani na tarehe gani. Karani akijua unaandika, hukujibu vizuri zaidi.

Hayo ya pesa tuyaache hapo, maana si hayo yaliyonikosesha usingizi. Nimesoma barua yako nikitafuta mahali ulipoandika kliniki, na nilichokuta ni dawa moja iliyoisha. Mtoto ana miaka sita na hana daktari, hana mtu wa kumfanyisha mazoezi, hana cheti cha ulemavu. Elfu mbili ziko mwisho wa foleni hiyo, na wewe umeanza na mwisho kwa sababu ndio uliosikia ukitangazwa.

Siwezi kumpima mtoto kwa barua. Lakini mtoto aliyezaliwa baada ya uchungu wa muda mrefu, hakulia, sasa ana miaka sita hakai, haongei na anashikwa na degedege, mara nyingi huwa ni mtindio wa ubongo. Hewa ilipungua wakati wa kuzaliwa na sehemu ya ubongo ikaumia. Wengine huupata kwa manjano kali ya siku za kwanza, wengine kwa homa ya uti wa mgongo au malaria iliyopanda kichwani. Ukoo wenu haumo, na wa mumeo pia haumo, kwa hiyo wifi yako na aupumzishe mdomo. Jeraha hilo la ubongo halikui likawa kubwa zaidi, na pia hakuna dawa wala maombi ya kulifuta. Kinachobadilika ni mwili. Misuli isiyonyooshwa inakaza, nyonga inachomoka, mgongo unapinda, na mtoto ambaye angeweza kukaa akisaidiwa anafika miaka kumi hawezi hata kuvalishwa suruali bila kulia. Hiyo shingo iliyoanza kushika kichwa juzi ni habari njema kuliko unavyofikiri. Inamwonyesha mtaalamu pa kuanzia.

Degedege ndiyo ya haraka. Mtoto aliyepewa dawa za kifafa haachishwi kwa sababu ametulia. Ametulia kwa sababu ya dawa. Mpeleke wiki hii, usingoje chama. Usiku akishikwa, mlaze ubavu, legeza nguo shingoni, usimtie kijiko wala kidole mdomoni, usimmwagie maji. Tazama saa. Zikipita dakika tano bado anatetemeka, hiyo ni dharura, mwamshe jirani na mtafute boda mwende hospitali. Katiba, kifungu cha 43, inasema hakuna mtu atakayenyimwa matibabu ya dharura, kwa hivyo usizuiwe getini na swali la pesa.

Na huo uji wa asubuhi. Hukuniambia unamlishaje, lakini najua kina mama wengi humlisha mtoto wa namna hii akiwa amelala kwenye mapaja, kichwa nyuma, kwa sababu ndivyo kinywa kinavyofunguka kwa urahisi, na asubuhi kuna haraka. Hapo uji unaingia mapafuni. Ndiyo maana watoto hawa hukohoa kila wakila, na nimonia haiwaishi. Mkalishe wima, mgongo wake kwenye kifua chako, kichwa kimeinama mbele kidogo, uji uwe mzito wa kushika kijiko. Tia kijiko kidogo, ngoja ameze, tia kingine. Itachukua muda mrefu zaidi, najua, na una kazi ya kuwahi. Lakini usimlaze mara tu akimaliza. Mwache wima kama nusu saa hivi.

Sasa kufuli. Hukutukanwa na hutatukanwa hapa. Mama anayefunga mtoto ndani ili akatafute unga hajakosa mapenzi, amekosa mtu wa kumwachia. Lakini nitakuambia wazi kwamba hali hiyo haiwezi kuendelea. Mtoto mwenye degedege akiwa peke yake nyuma ya mlango uliofungwa kwa nje, kwenye ploti ambayo kila chumba kina jiko au nyaya zilizounganishwa ovyo, siku moto ukiwaka hakuna atakayekumbuka ufunguo uko kwako Section 58. Tena sheria ya watu wenye ulemavu ya mwaka 2003 ilikataza mzazi kumficha mtoto mpaka akakosa huduma. Jirani mwenye nia mbaya anaweza kukupeleka pabaya kwa hilo kufuli. Kuanzia kesho ufunguo wa pili uwe kwa jirani mmoja unayemwamini, hata kama utamlipa kwa kumfulia, na jiko lisiachwe na moto. Hiyo ni ya kuzuia maafa tu. Dawa yake ni kupata kina mama wenzako, na hao utawakuta kliniki.

Nenda hospitali ya rufaa ya kaunti, ile ambayo wengi wetu bado tunaiita PGH, uulize idara ya mazoezi ya viungo na ile ya tiba kazi, yaani ya kumfundisha mtoto kukaa, kula na kutumia mikono. Kama unaogopa kuanzia huko, anzia zahanati ya karibu upewe barua ya kukutuma. Mtaani kwenu pia kuna mhudumu wa afya ya jamii, wale waliopewa mikoba ya vifaa na serikali mwaka 2023 wapite nyumba kwa nyumba. Nyumba yako ni ya mmoja wao. Muulize mwenye duka, atakuwa anamjua. Mwambie aje, amwone Junior, aandike. Kliniki yenyewe utakuta benchi limejaa kina mama waliobeba watoto wakubwa kwa leso, na hapo ndipo utakaposikia nani analea wa mwenzake siku gani, na nani amepata kiti wapi. Sikia zaidi kutoka kwao kuliko kwangu.

Nimetaja kiti. Mtoto kama Junior hapaswi kulala chali siku nzima. Kuna viti vinavyotengenezwa kwa maboksi ya katoni na magazeti yaliyobandikwa kwa gundi ya unga, tabaka juu ya tabaka, vikaanikwa juani vikawa vigumu kama mbao. Vinapimwa kwa mwili wa mtoto mwenyewe, na mbele huwekwa kimeza cha kuegemeza mikono. Muulize mtaalamu wa tiba kazi akuonyeshe au akupimie. Unga, karatasi na jua vyote viko Rhonda. Ila ukisikia mwanasiasa anagawa viti vya magurudumu uwanjani, usikimbilie tu. Nimeona watoto wa miaka sita wamepigwa picha ndani ya kiti cha mtu mzima, miguu inaning'inia, mgongo umepinda kama upinde. Kiti kisichomtosha kinamharibu, hata kama kimetolewa bure na kwa vigelegele.

Ukiwa huko huko hospitali, uliza siku ya tathmini ya ulemavu. Wataalamu humkagua mtoto na kuandika ripoti, na kwa ripoti hiyo ndipo anasajiliwa na Baraza la Kitaifa la Watu Wenye Ulemavu na kupewa kadi. Beba kitambulisho chako, picha ndogo ya mtoto na cheti chake cha kuzaliwa. Kama hana cheti, shughulikia hicho mapema, utafute karatasi uliyopewa alipozaliwa au kijitabu cha kliniki. Kadi ndiyo utakayoonyesha ukienda kuomba kifaa kwenye mfuko wa Baraza, na ndiyo itakayofanya mazungumzo ya Inua Jamii yawe mafupi. Uliza pia kituo cha tathmini ya elimu, kwa sababu kuna shule za umma zenye vitengo maalum, na mtoto anayecheka redio ikiwashwa na kulia ikizimwa ana jambo anaelewa.

Gharama. Jisajili SHA, bima ya afya ya serikali, kwa *147# kama hujajisajili, na uwaandike watoto wote chini yako. Tangu ichukue nafasi ya NHIF Oktoba 2024, mpango ni kwamba aliyesajiliwa anatibiwa bila malipo kwenye zahanati na vituo vya afya. Hospitali kubwa ndizo zinazotaka uwe umelipa mchango. Kwa sisi tusio na mshahara kiwango kinatokana na maswali unayojibu kuhusu nyumba yako, na cha chini kabisa ni 300 kwa mwezi, ila hulipwa ya mwaka mzima kwa pamoja, yaani 3,600. Ona jinsi zilivyokaribiana na za yule mtu wako. Kuna njia ya kulipa pole pole pia, lakini hiyo ni mkopo, na wewe tayari una deni la duka. Mimi ningempa hii kazi baba yao. Mwanamume anayeogopa kumshika mtoto wake wakati mwingine anaogopa kwa sababu hajui afanye nini. Mwambie hivi: mwaka huu wewe lipa SHA ya nyumba, hayo mengine tutaongea ukija. Siku akija, nenda naye kliniki akasikie kwa daktari hayo mambo ya upande wenu na upande wao.

Bili ikija usipoweza kuilipa, usitoroke na mtoto na usikae nje ukilia. Hospitali za umma zina afisa wa ustawi wa jamii ambaye hukaa na mgonjwa, akamuuliza hali yake, na anaweza kupendekeza apunguziwe au asamehewe. Uliza ofisi yake iko wapi kabla ya kufika dirisha la malipo.

Lugari sasa. Sikatai moja kwa moja, kuna mabibi wanaolea watoto hawa vizuri kuliko sisi. Lakini jiulize nani atamnyanyua. Mtoto wa miaka sita umeona mwenyewe alivyo mzito, na mama yako hazidi kupata nguvu. Dawa za degedege atazifuata wapi zikiisha? Mazoezi atafanyishwa na nani? Kama majibu unayo, ongea na mama yako mwenyewe, siyo wifi. Kama jibu ni kwamba kuna nafasi tu, basi utakuwa umehamisha godoro kutoka Rhonda hadi Lugari. Mhubiri anaweza kumwombea popote alipo, lakini asiseme mtoto aache dawa. Akisema hivyo ondoka.

Landilodi sitamalizia karatasi. Lipa kodi yako kwa wakati, na akitaka uhame mwambie akupe notisi ya maandishi yenye sababu. Kifungu cha 27 cha Katiba kinakataza mtu kubaguliwa kwa sababu ya ulemavu, na sidhani ataiandika sababu yake akaitia sahihi. Akiiandika, ipeleke kwa chifu, ubaki na nakala.

Kwa hivyo wiki hii ni dawa za degedege na ufunguo wa pili. Wiki ijayo, siku unayojua kazi huwa haba, uende kliniki. Ukifika ukaambiwa mtaalamu hayupo au siku ya tathmini imeahirishwa, usiondoke na "rudi siku nyingine". Uliza siku gani, saa ngapi, na jina la utakayemuuliza, yaandike kwenye lile daftari la mtoto. Kisha niandikie umeambiwa nini.